Anayesomea Kumpeleka Binadamu Anga za Juu Anasomea Nini Hasa?

Kijana akitangaza nyumbani kwamba amechagua uhandisi wa anga, swali la kwanza huwa, "Kwa hiyo utakuwa rubani?" Akijibu kwamba hapana, anataka kufanya kazi kwenye safari za binadamu anga za juu, la pili linafuata papo hapo: "Utaenda mwezini?" Maswali yote mawili yanaulizwa kwa nia njema, na yote mawili yanaikosa kazi yenyewe.

Mwaka 2025 mkanganyiko ulizidi. Mwezi Machi walirudi duniani Wamarekani wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walioondoka kwa safari ya siku 8 hivi wakakaa 286. Mitandaoni ikaenea kwamba walisahauliwa huko juu. Haukupita mwezi mzima, tarehe 14 Aprili, mwimbaji Katy Perry na wenzake watano walipanda na kushuka katika chombo cha kampuni ya Blue Origin kwa muda wa dakika 11 hivi, nao wakaitwa wanaanga. Siku 286 na dakika 11 zikapewa jina moja.

Tuanze na nani ni nani. Mhandisi wa anga ni mtu anayebuni, anayepiga hesabu, anayeunda na kujaribu vyombo vinavyoruka. Fani yake ina matawi mawili: vyombo vinavyotegemea hewa ili viruke, kama ndege, helikopta na droni, na vyombo vinavyokwenda mahali pasipo hewa, kama roketi, setilaiti na kapsuli za kubebea watu. Rubani anaendesha chombo. Fundi wa ndege anakikagua na kukitengeneza. Mwanaanga anasafiri ndani yake hadi anga za juu na kufanya kazi huko. Mtu mmoja anaweza kuwa zaidi ya mmoja kati ya hawa, lakini wengi sana wanaozifanya safari za binadamu ziwezekane hawanyanyuki ardhini kamwe. Mwanafunzi tunayemzungumzia hapa anajiandaa kuwa mmoja wao. Ikitokea siku moja akapanda roketi, hiyo ni nyongeza.

Kupanda juu na kuzunguka dunia ni mambo mawili

Wengi wanaamini kwamba juu hakuna nguvu ya uvutano, ndiyo maana watu wanaelea. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyumba ya wanaanga inayoizunguka dunia, kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na pale uvutano wa dunia bado una takriban asilimia 90 ya nguvu tunayoihisi hapa chini. Ungejenga mnara wa kilomita 400 ukasimama juu yake, ungesimama kwa miguu yako kama kawaida, mwepesi kidogo tu.

Kinachowafanya waelee ni kasi. Chukua jiwe ulirushe mbele: linakwenda kidogo, linainama, linaanguka. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Sasa fikiria mkono wenye nguvu kiasi kwamba jiwe linapoinama kuanguka, dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, inainama chini yake kwa kiasi kilekile. Jiwe hilo litaanguka bila kufika chini. Hivyo ndivyo kituo kinavyokwenda, kwa kasi ya takriban kilomita 27,600 kwa saa, kikiizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Waliomo ndani wanaanguka pamoja nacho, wote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hakuna anayeikanyaga sakafu.

Hapo ndipo tofauti ya dakika 11 na siku 286 inapoonekana. Chombo cha Blue Origin kinapita mpaka wa kilomita 100, ambao wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa anga za juu, kisha kinarudi chini. Hakina kasi ya kuzunguka dunia. Kuipata kasi hiyo kunahitaji nishati nyingi mno, na ukitaka kurudi inabidi uipoteze yote, karibu yote ikigeuka joto. Ngao ya kapsuli ya Dragon ya kampuni ya SpaceX inapoingia tena kwenye angahewa inakabiliana na joto la zaidi ya nyuzi 1,600 za Selsiasi, na watu wameketi nyuma yake. Sehemu kubwa ya masomo ya mwanafunzi huyu, kuanzia mwendo wa vyombo katika obiti (njia ya kuizunguka dunia), mtiririko wa hewa na gesi, uhamishaji wa joto hadi uimara wa vifaa, inatokana na matatizo haya mawili: kuipata kasi na kuiacha.

Mtu akiingia ndani, kila kitu kinabadilika

Setilaiti ikiharibika, hasara ni fedha na miaka ya kazi. Inauma, lakini inahesabika. Ukimweka mtu ndani, hesabu ni nyingine. Mtu anavuta karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa takriban kilo moja ya kaboni dioksidi, na hii ya pili ndiyo inayomdhuru haraka ikiachwa ijikusanye. Kuna jambo ambalo nadhani kila mwanafunzi angeelezwa siku ya kwanza darasani: katika hali ya kuelea, hewa ya moto haipandi juu. Hapa duniani pumzi uliyoitoa inajiondokea yenyewe kwa sababu ina joto. Huko inabaki pale pale ilipo. Mwanaanga akilala mahali pasipo na feni ya kuizungusha hewa, hewa chafu aliyoitoa inaweza kumzingira usoni akaendelea kuivuta hiyohiyo. Kwa hiyo feni, kitu ambacho mhandisi wa setilaiti hana sababu ya kukiwaza, kwenye chombo chenye watu inasimama kati ya usingizi na kifo. Mhandisi lazima ajue itapiga kelele kiasi gani, itakula umeme kiasi gani, itachakaa lini, na ikizima usiku wa manane nani atajua.

Maji nayo. Kuyapeleka juu ni ghali kiasi kwamba mkojo, jasho na unyevu wa pumzi vinakusanywa na kusafishwa hadi vinyweke. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kwamba mitambo ya kituo imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji hayo. Oksijeni inapatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme. Mitambo hii yote kwa pamoja ni mifumo ya kutegemeza uhai, na mwanafunzi anayeipenda atajikuta anasoma kemia na biolojia ya mwili kwa bidii ileile anayoipa hisabati.

Ila swali kubwa kuliko yote ni hili: kitu hiki kikishindwa kufanya kazi, mtu atarudije nyumbani? Swali hilo ndilo linalomtofautisha mhandisi wa safari za binadamu na wenzake wote. Marekani ilipoagiza kapsuli mpya za kampuni binafsi kwa ajili ya kupeleka watu kituoni, ilitaka ionyeshwe kwa hesabu kwamba uwezekano wa kuwapoteza wasafiri hauzidi mmoja katika safari 270. Wengi wakiisikia namba hiyo wanashtuka kwamba ni hatari mno, na ni kweli ni hatari. Lakini nyuma yake kuna maelfu ya kurasa za watu waliokaa wakijiuliza valvu hii ikikwama itakuwaje, waya huu ukikatika itakuwaje, na vyote viwili vikitokea kwa pamoja itakuwaje.

Mfano unaolieleza jambo hili kuliko yote ninayoijua ni wa tarehe 11 Oktoba 2018. Roketi ya Soyuz iliondoka Baikonur, Kazakhstan, ikiwa na Mrusi Aleksey Ovchinin na Mmarekani Nick Hague. Baada ya dakika mbili hivi, wakiwa kilomita 50 hivi juu, roketi nne za pembeni zilipaswa kuachana na mwili wa katikati. Moja haikuachana vizuri. Iliugonga mwili huo na kuuharibu. Chombo chenyewe kiligundua hitilafu na kuitenga kapsuli na roketi iliyokuwa ikisambaratika. Mnara wa dharura uliokuwa kwenye ncha ulikuwa umeshaachwa sekunde chache kabla, kama ilivyopangwa, kwa hiyo kazi ya kuwavuta watu mbali ilifanywa na seti nyingine ya injini ndogo zilizofungwa kwenye ganda la kukinga kapsuli. Kulikuwa na mtu, miaka mingi nyuma, aliyejiuliza: ajali ikitokea katika muda mfupi baada ya mnara kuachwa, itakuwaje? Jibu lake ndilo lililowaokoa. Walipaa hadi kilomita 93 hivi, wakashuka wakikandamizwa kwa zaidi ya mara sita ya uzito wao, wakatua kwa parachuti karibu na mji wa Zhezkazgan, wazima. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa pini ya kihisi iliyopindika wakati wa kuunganisha roketi. Kipande kidogo cha chuma kilikosewa na fundi, na mfumo mzima ulikuwa umejengwa kwa kutarajia kwamba siku moja fundi atakosea. Miezi mitano baadaye Ovchinin na Hague walipanda Soyuz nyingine wakafika kituoni.

Turudi sasa kwa Wilmore na Williams. Waliondoka tarehe 5 Juni 2024 kwa kapsuli ya Boeing Starliner, iliyokuwa ikibeba watu kwa mara ya kwanza. Njiani gesi ya heli ilivuja na baadhi ya injini ndogo za kuelekezea chombo zikagoma. Chombo kilifika kituoni salama, lakini wahandisi hawakuweza kueleza kwa uhakika injini zile zingefanya nini wakati wa kurudi. Mwezi Agosti NASA iliamua: Starliner irudi tupu. Ilirudi Septemba na ikatua vizuri jangwani New Mexico, na hapo ndipo watu waliposema, "Mnaona? Wangerudi nayo tu." Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Chombo kutua salama hakuthibitishi kwamba kilikuwa salama. Kinathibitisha kwamba siku hiyo hakikuharibika. Chombo cha NASA kiitwacho Columbia kilikuwa kimesafiri mara nyingi na kurudi kabla ya tarehe 1 Februari 2003, siku kiliposambaratika kikirudi duniani na kuua watu saba, kwa sababu kipande cha povu kilikuwa kimelipiga bawa lake la kushoto wakati wa kuruka.

Wala hawakusahauliwa. Mwishoni mwa Septemba 2024 ilifika kapsuli ya Dragon ikiwa na watu wawili tu na viti viwili vitupu, vya Wilmore na Williams. Hata katika wiki zile chache kabla haijafika, mpango wa dharura uliandaliwa wa kuwalaza kwenye sehemu ya mizigo ya Dragon nyingine iliyokuwapo. Kilichowachelewesha baada ya hapo ni ratiba ya kazi za kituo, wao wakiwa sehemu ya wafanyakazi wake kamili. Na kamanda wa Dragon iliyowarudisha tarehe 18 Machi 2025 alikuwa Nick Hague, yuleyule wa Soyuz.

Chuoni anafanya nini, basi?

Miaka miwili ya kwanza haina mvuto wa roketi. Ni kalkulasi, milinganyo tofautishi, fizikia, mitambo, michoro ya kihandisi na kuandika programu za kompyuta. Anayeiona ni adhabu ya kuvumilia kabla ya mambo matamu anakosea, maana mambo matamu yenyewe yametengenezwa kwa hizo. Baadaye zinakuja injini za roketi, mwendo wa obiti, miundo na mifumo ya kudhibiti chombo. Anayelenga safari za binadamu anaongeza fiziolojia, usalama wa mifumo, na namna akili ya mtu aliyechoka au aliyeogopa inavyosoma vitufe na taa.

Vitabu havitoshi, lazima aunde kitu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT huko Juja, Kenya, katika mradi wao wa Nakuja, wamekuwa wakitengeneza roketi ndogo na kuzirudisha kwa parachuti, na parachuti isiyofunguka inafundisha jambo ambalo mtihani hauwezi. Setilaiti ndogo za wanafunzi na wahandisi vijana nazo zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018. RWASAT-1 ya Rwanda ilifuata mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani katika chuo cha Kyutech, mwaka 2022. Zote tatu zilipitia Kibo, maabara ya Kijapani iliyo sehemu ya kituo hicho, yaani zilikaa kwanza ndani ya nyumba yenye watu. Na kifaa hakiingizwi kwenye nyumba hiyo bila kuthibitisha, hatua kwa hatua, kwamba betri yake haitawaka moto, kingo zake hazitamkata mtu, vifaa vyake havitatoa mvuke wenye sumu, na haitajiwasha kabla ya wakati. Vijana hawa wa Afrika Mashariki walikuwa wakijibu maswali ya safari za binadamu, hata kama magazeti yaliandika tu kwamba "tumerusha setilaiti".

Uhusiano wa eneo hili na kazi hiyo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alifuatiliwa na mtandao wa vituo 18, na kimoja kilikuwa Unguja. Kapsuli yake ilikuwa ikisikika kutoka kila kituo kwa dakika chache tu kabla ya kuzama kwenye upeo, na ndani ya dakika hizo wahandisi na madaktari walipaswa kusoma hali ya chombo na hali ya mwili wake, kisha kutuma taarifa Marekani. Kituo cha Zanzibar kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Leo kazi ile inafanywa zaidi na setilaiti, lakini watu wanaokaa mbele ya skrini usiku na mchana, kila mmoja na mfumo wake, umeme, hewa au mwendo, bado ndio uti wa mgongo wa kila safari. Wengi wao ni wahandisi, na baadhi wametoka chuoni juzi juzi.

Miwani, urubani na pasipoti

Kuna imani kwamba mvaa miwani hawezi kuwa mwanaanga. NASA inakubali macho yanayorekebishika kwa miwani, na hata yaliyofanyiwa upasuaji wa leza. Kuna imani kwamba lazima uwe rubani wa kijeshi. Sharti ni shahada ya uzamili katika uhandisi, sayansi au hisabati, pamoja na angalau miaka 3 ya kazi inayohusiana. Badala ya hiyo miaka 3, rubani anaweza kuleta saa 1,000 za kuongoza ndege, nyingi zake katika ndege za jeti. Ugumu uko kwenye idadi: walioomba mwaka 2024 walizidi 8,000, na waliotangazwa Septemba 2025 walikuwa 10. Kwa hiyo mwanafunzi anayeweka maisha yake yote kwenye kiti cha roketi anajidhulumu. Kazi za uhandisi zinazomzunguka mtu huyo mmoja ni nyingi mno.

Kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni pasipoti. NASA inachukua raia wa Marekani tu kuwa wanaanga. Shirika la Ulaya, ESA, linataka uraia wa nchi wanachama au washirika wake. Kampuni za roketi za Marekani nazo zinabanwa na sheria za udhibiti wa teknolojia, ambazo zinaiweka roketi karibu na kombora. Mwanafunzi kutoka Mwanza au Mombasa anaweza kuhitimu Marekani akiwa wa kwanza darasani na bado asiruhusiwe kuingia karakana ya roketi. Afadhali alijue hilo kabla ya kulipa ada kuliko baada. Sheria hizohizo, hata hivyo, zinawahesabu pamoja na raia wale wenye ukaazi wa kudumu na waliopewa hifadhi ya ukimbizi. Mtoto wa familia ya Kikongo iliyohamishiwa Marekani kama wakimbizi hafungiwi mlango huo, na ningependa walimu wake walijue hilo.

Kalpana Chawla aliipita njia hii yote. Alizaliwa Karnal, India, akasoma uhandisi wa ndege katika Punjab Engineering College hadi 1982, akapata uzamili Texas mwaka 1984 na uzamivu Colorado mwaka 1988. Alifanya kazi ya kukokotoa mtiririko wa hewa kwa kompyuta, akapata uraia wa Marekani mwaka 1991, akateuliwa na NASA mwishoni mwa 1994, akaruka mara ya kwanza Novemba 1997. Tangu shahada ya kwanza hadi safari ya kwanza ilipita miaka 15, na mingi kati ya hiyo alikuwa mhandisi tu, kazi aliyoipenda. Alikuwa mmoja wa wale saba waliokufa ndani ya Columbia.

Njia nyingine zinafunguka. Emirati, ambako Waswahili wengi wanaishi na kufanya kazi, ilimpeleka Hazzaa Al Mansoori kituoni mwaka 2019 na Sultan Al Neyadi kwa miezi sita mwaka 2023, na imejenga kituo chake cha wahandisi Dubai. Japani imefundisha wahandisi wetu kwa miradi halisi. Kenyatta University inafundisha uhandisi wa anga, na mahali ambapo kozi hiyo haipo, uhandisi wa mitambo au wa umeme ni mwanzo mzuri tu, kwa kuwa ile miaka miwili ya kwanza ni karibu ileile. Sara Sabry wa Misri, aliyeruka na Blue Origin Agosti 2022, alianza na uhandisi wa mitambo Cairo, akaenda uhandisi wa tiba Milan, kisha akajikita kwenye mavazi ya anga. Na vazi la anga ni chombo kamili: lina oksijeni yake, upozaji wake, redio yake, na shinikizo ambalo kwenye mavazi ya NASA halifiki theluthi moja ya lile la hewa tunayovuta, ndiyo maana kabla ya kutoka nje mwanaanga huvuta oksijeni tupu kwa saa kadhaa ili naitrojeni iliyomo mwilini isije ikatengeneza mapovu kwenye damu, ugonjwa uleule unaompata mzamiaji anayepanda juu kwa haraka. Glavu za vazi hilo bado zinaumiza vidole na kung'oa kucha. Anayetafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho anaweza kuanzia hapo.